Flashi Iliyotazama Mbinguni

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimenunua flashi! Ya kuchomeka juu ya kamera. Nyeusi, nzito, kichwa kinazunguka kama cha bundi. Nimeitoa Isebania kwa Ryoba, yule Mkuria anayeuza redio, saa za ukutani na vyombo vya picha ndani ya kibanda kimoja. Alianza kunieleza namna ya kuitumia. Nikamwambia nilikuwa napiga picha yeye akiwa bado ananyonya. Akafunga sanduku. Huyo nimemmaliza kabla ya chai ya saa nne.

Flashi ni ya harusi. Terry, binti ya dada yangu Priscilla, anaolewa Jumapili hii kule Homa Bay. Bwana harusi ni Monari, kijana Mkisii anayetengeneza mashine za miwa huko Awendo. Kijana mzuri, mnyamavu, ana adabu. Sina neno naye.

Neno langu ni kwa mpiga picha. Ati wamemchukua Maxwell! Maxwell wa ndevu za kuchongwa, mwenye kamera inayoruka kama nzi wa chooni. Niliposikia sikula. Nilikula kidogo tu, kwa sababu ya samaki.

Nikampigia Priscilla simu. Nikamkumbusha kwamba mimi ndimi nera, kaka ya mama, na kwetu Wajaluo nera hatoki kwenye harusi ya mpwa wake akinung'unika. Nera akinung'unika, ndoa hukohoa. Priscilla akasema omera, ndugu yangu, usituletee mikosi, ongea na mwenyewe. Terry akachukua simu. Akasema, Nera, nakupenda sana, lakini nakumbuka harusi ya Liz.

Liz ni binti yangu. Picha zake nilipiga mwenyewe, hemani, bila flashi. Kulikuwa na giza kidogo. Watu walitambuana kwa viatu. Sijui kwa nini hadithi hiyo haizeeki.

Basi Terry ametoa sharti. Kanisani atapiga Maxwell. Hemani wakati wa karamu, pamoja na ile picha kubwa ya familia zote mbili, nitapiga mimi. Lakini nije na flashi iliyokaa juu ya kamera na inayowaka. Nisipokuja nayo, nitaketi meza ya wajomba nile pilau kama wajomba wengine.

Meza ya wajomba! Mimi niliyempiga picha mwizi wa ng'ombe akikimbia usiku kule Uriri, picha ikatoka safi hadi mwizi mwenyewe akaja kuomba nakala!

Lakini niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Tangu simu zianze kupiga picha, watu huja studio yangu kuchaji simu hizo hizo. Zimebaki picha za pasipoti na za vitambulisho vya shule. Nikiketi meza ya wajomba mbele ya ukoo wote, kazi imekwisha. Nitakuwa mzee fulani aliyewahi kuwa na kamera.

Kwa hiyo flashi lazima ikae. Jioni nimejaribu. Juu ya kamera kuna kitako kidogo cha chuma chenye reli mbili, na mguu wa flashi unateleza humo. Umeteleza kidogo ukagoma. Nimesukuma. Umegoma. Mguuni kuna kipete chenye meno meno, cha kuzungusha, pambo zuri sana. Nimekikaza kabisa kisije kikaanguka njiani.

Nikampigia Ryoba. Akasema, Mzee Elkana, kitu kipya hubana, hata viatu vipya hubana, kwani hujawahi kununua viatu vipya? Swali la dharau. Jibu zuri, lakini. Ni upya tu. Kesho itaingia.

Jumanne, 19 Agosti

Haijaingia. Ila nimepiga hatua kubwa.

Nimewaza sana maneno ya Ryoba. Kiatu kikibana unafanyaje? Unatumia kijiko! Unaingiza mpini nyuma ya kisigino, mguu unateleza wenyewe. Nikachukua kijiko kimoja cha Benta, mke wangu, katika vile vya wageni. Nikaingiza mpini kando ya reli, nikakandamiza. Kijiko kikapinda kama mkia wa mbwa aliyefurahi. Reli haikusogea hata kidogo. Chuma cha kamera yangu ni kigumu kuliko cha vijiko! Hilo sikulijua jana. Leo nalijua. Huko ndiko kuendelea.

Benta aliingia akaona kijiko. Akauliza kama mchungaji akija atakoroga chai na ndoano. Nikamwambia mchungaji akiona picha zangu atasahau sukari. Hakucheka.

Akauliza kama nimesoma karatasi iliyokuja ndani ya sanduku. Nikamweleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba karatasi zile wanaandikiwa watu wasiojua. Akasema, Baba Liz, hebu nionyeshe basi niisome mimi. Haikuwezekana. Asubuhi niliwashia jiko. Iliwaka vizuri, karatasi nzuri.

Mchana nikapaka sabuni. Mguu ukaingia zaidi kuliko jana! Kiasi cha punje ya mtama hivi. Kisha ukagoma, ukatoa povu.

Wateja wawili waliokuja kuchaji simu walikuwa wanatazama. Mmoja akauliza naosha nini. Nikasema naandaa. Fundi haoshi. Fundi huandaa. Wakatikisa kichwa kwa heshima.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo adui amekanyaga kizingiti changu.

Maxwell amekuja Migori, ati kunisalimia. Miwani ya jua machoni, na mawingu yamejaa kutoka hapa hadi ziwani. Akasema amekuja tupatane mipaka ya kazi, maana yeye amelipwa siku nzima na hataki kugongana na mzee hemani. Halafu akaiona meza yangu. Kamera, flashi, kipande cha sabuni, kijiko kilichopinda.

Akainusa sabuni. Akauliza, jaduong', mzee wangu, unatengeneza ama unafua?

Wale wa kuchaji simu wakacheka. Simu zao nitazichomoa siku moja.

Akaishika flashi bila ruhusa, akaijaribu, ikagoma. Akasema, yawa, hii imekataa ndoa kabisa! Yake ati huingia kama mkono kwenye mfuko. Akaanza kuchungulia chini yake, pale kwenye kipete. Nikamnyang'anya. Nikamwambia hii ni aina inayochagua mkono wa mtu. Akauliza imetengenezwa wapi. Nikasema huko ambako wewe huwezi kufika. Akasema haya basi, tutaonana Jumapili, atawaambia wapishi waniwekee nyama laini pale meza ya wajomba.

Pale meza ya wajomba! Ina maana habari zimeenea!

Alipoondoka damu ilichemka, na damu ikichemka ndipo akili yangu huja. Nikaondoka moja kwa moja hadi sokoni kwa akina mama wa samaki. Nikanunua mafuta ya mbuta. Yule mama akasema yanatibu kikohozi, yanafungua kifua, yanalainisha mlango unaolia. Nikamuuliza kama yanaingiza chuma kwenye chuma. Akasema baba, mbuta hashindwi na kitu.

Huyo mama ana elimu kuliko Ryoba na Maxwell wakiunganishwa.

Ijumaa, 22 Agosti. Naandika nikiwa kwa Priscilla, Homa Bay

IMEINGIA!

Niseme polepole. Asubuhi, Migori, kabla ya safari. Nilipaka mguu wa flashi mafuta ya mbuta. Nikapaka reli. Nikajipaka na mimi shati, bila kutaka. Nikaweka kamera sakafuni, nikaibana kwa nyayo mbili. Nikashika kichwa cha flashi kwa mikono yote miwili, nikaegemea kwa tumbo. Watu hulisema tumbo langu. Tumbo hili si la bure.

KWAA!

Benta alikuja mbio akidhani kitanda kimevunjika. Akanikuta nimelala juu ya kamera natabasamu. Flashi iko ndani ya reli, mpaka mwisho. Haitikisiki. Nimeivuta, haitoki. Nimeivuta tena kwa nguvu, haitoki kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, kitu kikikaa kimekaa.

Kuna kijambo kimoja. Nilipoegemea, kichwa kiligeuka kikatazama juu, na ndani yake kitu kikasema tik. Sasa hakirudi chini. Kinatazama dari kama Msabato anayeomba. Nimekisukuma, kinakataa.

Nikawasha. Ikalia wiiii, nikabonyeza. PAA! Dari lote likaonekana, hadi buibui na watoto wake. Benta akasema imewaka juu, watu wako chini. Nikamwambia asome sharti. Terry alisema ikae juu ya kamera na iwake. Imekaa. Inawaka. Hakusema iwake kuelekea wapi.

Benta alikuwa akitazama jua njia nzima. Alitaka tufike kabla jua halijazama, Sabato isitukute barabarani. Watu garini walikuwa wanafungua madirisha, ati kuna mtu amebeba samaki. Nilifungua na mimi, nikalaumu wa nyuma.

Tumefika jua likiwa bado juu ya ziwa. Priscilla ana paka watatu. Wote wamenipokea vizuri sana. Mmoja amelala juu ya begi la kamera mpaka sasa. Wanyama hujua mtu mkubwa.

Jumamosi, 23 Agosti. Sabato

Siku ya kupumzika. Nimepumzika hadi baada ya ibada.

Mchana, watu wakila, nikajitenga nyuma ya ghala la mahindi na kamera. Niliwaza usiku kwamba kichwa kingerudi chini kidogo tu, ningemfunika Maxwell kabisa kabisa. Nikafunga mkanda wa kamera kwenye mpera, nikashika flashi, nikavuta kama mtu anayetoa ndama. Paka wamekaa mstari wananitazama.

Akatokea Mchungaji. Akauliza ni kazi gani hii siku ya Bwana. Mimi na Biblia hatuko mbali. Nikamjibu palepale kwamba Bwana mwenyewe aliuliza, ni nani kati yenu ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa? Basi huyu ndiye ng'ombe wangu na hiki ndicho kisima.

Mchungaji akainama akatazama. Akasema ng'ombe wa kwenye Maandiko alitumbukia kwa bahati mbaya. Huyu wako, Mzee Elkana, inaonekana ulimsukuma mwenyewe.

Nikamwambia kuku ameshaandaliwa mezani. Akaenda mbio. Nimeshinda hoja.

Kabla sijafungua mkanda, Monari akaja. Aliishia nje ya ua, karibu na mpera, kwa heshima ya ukwe. Kwao Kisii aibu ya ukwe ni kali kama kwetu: mkwe haingii ovyo, hashiki kitu cha wazee wa mke, wala hamwambii mzee kwamba amekosea. Alikuwa ameleta makreti ya soda. Akaniona navutana na kamera. Akaangalia ile flashi. Akaangalia chini. Akakohoa. Akasema, Baba, samahani sana, kuna vitu ukivilegeza kwanza kidogo, vinatoka vyenyewe bila nguvu.

Nikamwangalia. Nikaelewa yote! Kijana anazungumzia mahari. Ng'ombe waliobaki. Anataka tulegeze, ndiyo maana amekuja kwa nera peke yake, nyuma ya ghala, wazee wengine wakiwa mezani. Maneno ya kuzunguka kama hayo ndiyo lugha ya posa, mimi nimeketi vikao vingi.

Nikamjibu kama simba. Nikasema, mwanangu, kwetu hatulegezi. Kilichokazwa kimekazwa. Akasema hapana Baba, nilimaanisha hicho kidude cha chini kinazunguka... Nikamwambia hata mzunguke vipi, ng'ombe ni wale wale. Akasema asante Baba. Akaenda zake kichwa chini.

Nimeokoa ng'ombe wa ukoo bila kikao, bila soda, peke yangu, nyuma ya ghala. Priscilla nimemweleza. Ameniuliza nani alimtuma aseme. Nikamwambia asihangaike, nimeshamaliza.

Kichwa cha flashi hakijarudi.

Jumapili, 24 Agosti

Nianzie wapi! Mkono huu ulioshika kalamu ungefaa kuwekwa kwenye makumbusho.

Kanisani alipiga Maxwell. Nzi wake akaruka juu ya maharusi, akapeperusha shela, akampeperushia Mchungaji karatasi za mahubiri. Mahubiri yakawa mafupi. Watu walimshukuru Maxwell kwa hilo, nakubali.

Kisha hemani. Hema kubwa jeupe, nyumbani kwa Priscilla. Tulipoingia tu, mvua ikaja kutoka ziwani. Mvua ya kweli. Wakashusha kuta za hema, kukawa giza kama ndani ya chungu. Watu wa harusi ya Liz wakaanza kuangaliana. Niliwaona.

Terry akaja na gauni lake amelishika kwa mikono miwili. Akasema, Nera, nionyeshe. Nikamwonyesha. Imekaa. Akaitikisa, haikutikisika. Nikawasha, ikalia. Akauliza, mbona inaangalia juu? Nikamwambia inaomba. Akajaribu kucheka, machozi yakamlengalenga. Akasema Nera, hii ndiyo picha pekee Mama atakuwa nayo ya sisi wote pamoja, siwezi kuirudia. Kisha akamwita Maxwell. Ati apige kwanza, mimi nipige baadaye, kwa usalama.

Kwa usalama! Niliona kiti changu meza ya wajomba. Kilikuwa kitupu, na mtu ameshaweka uma.

Maxwell akaja akipiga makofi, sogea sogea, changamka changamka. Flashi yake inatazama watu usoni. Paa! Watu wakafunga macho. Paa! Nyanyake Monari akasema anaona nyota mchana. Nikachungulia kioo cha kamera yake: nyuso zinang'aa kama sahani zilizooshwa, nyuma yao giza tupu.

Halafu akafanya jambo ambalo hata mtoto wa chekechea wa pande hizi halifanyi. Sijui amelitoa kwenye simu gani. Akamshika Priscilla mkono, akamvuta katikati, akamsimamisha karibu na Monari. Akasema, Mama, mkumbatie bwana harusi! Ndiye mwanao sasa! Weka kichwa begani!

Mama mkwe! Na mkwe! Begani!

Monari aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka, akakodolea viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu. Priscilla akavuta leso akajifunika uso, akatoka nje mbio, mvuani, na nguo ya hariri. Shangazi wa Monari wakafyonza wote kwa pamoja, ni sauti sijawahi kusikia. Shangazi zetu wakasimama. Mzee mmoja wa upande wao akauliza, mtoto huyu mmemleta kutoka kwa watu gani? Maxwell akasema, lakini siku hizi si watu hupiga hivyo? Jibu lilitoka pande nne. Wakamwongoza hadi jikoni, akapewa sahani, akaambiwa asisogee.

Terry analia sasa waziwazi. Mama yake amesimama chini ya paa la ghala, ati harudi hemani, picha wapige bila yeye.

Ndipo mimi nikainuka.

Nikachukua mwavuli nikamfuata dada yangu. Sikumbembeleza sana. Nilimwambia, Mama Terry, mimi si Maxwell. Mimi najua mahali pa kila mtu. Utasimama mwisho wa upande wetu, Monari mwisho wa upande wao, na katikati nitapanda shangazi kama ua wa miiba. Hutamwona na hatakuona, ila picha itawaona wote. Akavuta leso kidogo. Akauliza, na Terry? Nikasema Terry nitamketisha mbele, peke yake, kama malkia, kila mtu ni wake. Akafuta uso. Akasema, omera, leo umesema kitu.

Tukarudi. Nikapanga watu. Yawa, nilivyopanga! Wewe mrefu nyuma, wewe mama kilemba hicho kinafunika mtu, mzee weka fimbo chini hatuendi vitani. Shangazi wa Kisii na shangazi wa kwetu bega kwa bega, mpaka wakaanza kuulizana habari za mahindi. Monari kule mwisho akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Nikapiga goti. Harufu ya mbuta ikapanda, maana mafuta yamepata joto. Nikahesabu kwa sauti, na kabla sijamaliza, paka wa Priscilla akanirukia mgongoni, akapanda begani, akaanza kulamba flashi. Hema zima likapasuka kwa kicheko! Hata yule mzee wa fimbo. Hata Priscilla, leso imemdondoka.

Nikabonyeza. PAA!

Sijui niandikeje. Nuru haikwenda kwa watu. Ilipanda, ikajaa hema zima juu, ikarudi chini polepole kama maziwa yanayomwagwa. Hakuna aliyefunga macho. Nikaangalia kioo. Wote! Kila uso, laini, wazi, unacheka. Mishono ya gauni. Meno ya nyanyake Monari, yale aliyobaki nayo. Priscilla mwisho huku, Monari mwisho kule, na hakuna aliyevunja heshima.

Terry akachukua kamera akatazama. Akatazama tena. Akanishika shingo pamoja na paka. Akasema, Nera. Basi. Nera. Hilo tu.

Nimepiga karamu yote hadi keki. Meza ya wajomba sijaijua hata ilikuwa na kitambaa cha rangi gani.

Maxwell alitoka jikoni jioni, mpole, mfupa mkononi. Akaomba kuona. Akashusha miwani. Akasema, jaduong', hii nuru nzuri sana, umejuaje kuigonga kwenye hema jeupe ndipo irudi? Nikamuuliza hema limeingiaje hapa. Nikamwambia nuru ya kweli hutoka juu, na mimi nimeielekeza huko makusudi tangu Ijumaa. Akauliza kama anaweza kujaribu na yake. Nikamwekea mkono begani. Nikamruhusu.

Jumanne, 26 Agosti

Migori. Studio imejaa! Habari zimenitangulia. Watu wawili wametaka picha na hawakuomba chaja hata kidogo.

Terry na Monari wamepita kunishukuru. Monari alibaki mlangoni, kwa adabu yake. Niliona anamnong'oneza mke wake. Terry akaichukua kamera, akashika kile kipete cha meno meno kwenye mguu wa flashi, akakizungusha upande wa kushoto. Flashi ikatoka. Hivi hivi! Kwa vidole viwili! Akairudisha, ikateleza kama samaki. Akazungusha kulia, ikakaza, kichwa bado kikitazama juu. Akasema, Nera, Monari anasema unalegeza hiki kwanza, ndipo unaingiza, halafu unakikaza. Ati ndilo alilotaka kukueleza Sabato.

Nimelitafakari jambo hilo kwa kina. Ni wazi kwamba mafuta ya mbuta huchukua siku chache kufika ndani. Sabato yalikuwa bado. Leo yamefika. Terry amebahatika kushika wakati wake. Sikumwambia, ni bibi harusi mpya, aache afurahi.

Kuhusu lile neno la kulegeza, kijana amegeuza maneno kwa werevu sana baada ya kushindwa. Nampenda zaidi. Ng'ombe ni wale wale.

Maxwell amepiga simu, karibu kulia. Alikuwa na sherehe ya kipaimara jana jioni uwanjani kule Uriri. Akaelekeza flashi juu, kama nilivyomruhusu. Picha zote giza. Akasema hakukuwa na kitu juu cha kuirudisha nuru, ni anga tupu, jaduong', si ungeniambia. Nikamwambia asilaumu anga. Flashi hutazama moyo wa mtu. Akakata simu. Ni ugumu wa kupokea ushauri.

Sasa kubwa kuliko yote. Terry anafundisha Rusinga, na walimu wenzake wanawafanyia maharusi karamu Jumapili ijayo, jioni, ufukweni, watu wengi hata kuliko harusini. Amesema mpiga picha ni mmoja tu, nera wake, hataki kusikia jina lingine. Akaniuliza jambo dogo moja. Wamepata hema jeupe la kukodi, kama lile la kwa mama yake, je, walichukue?

Nimemwambia wasipoteze pesa. Hema linazuia nuru.